Mwaka Niliolipwa Niongee

Odhiambo amefariki. Habari nimeipata Ijumaa, naosha gari la tajiri hapa Al Wukair, Qatar, simu ikalia mfukoni, nikaifungua kwa mkono uliojaa povu. Ujumbe ulikuwa mrefu, mtoto wake wa kike ameuandika kwa adabu kwenye kundi letu la zamani, kwamba baba amepumzika, atazikwa wapi, sala ni saa ngapi. Mimi na povu langu nikateleza, nikajikuta nimemjibu mfiwa kwa kidole gumba kilichonyooka. Nikajaribu kukifuta, nikaongeza na uso unaocheka. Ndiyo mimi huyo, sina maelezo mengine. Mercy, nesi wa Kenya anayekaa nyumba ya jirani, alikuwa anasubiri basi la hospitali pale getini, akaninyang'anya simu akaifuta ile aibu, kisha akanisaidia kuandika pole ya mtu mzima. Akaniuliza, "Alikuwa nani wako?" Nikamwambia ndiye mtu aliyenipa kazi ya kuongea. Akacheka, "Hiyo nayo ni kazi?" Basi lake likafika akaondoka na swali lake, na mimi nikabaki na ndoo, nikawa sioshi tena gari, nauosha ule mwaka.

Mwaka wenyewe niliukaa Industrial Area, huku huku Qatar, chumba cha vitanda vya ghorofa, watu sita, dirisha moja ambalo ukilifungua unaingiza vumbi na usipolifungua unabaki na soksi. Kampuni yetu ilikuwa ya matengenezo ya majumba, ukutani wameandika kwamba tunafanya kila kitu, na kweli tulikuwa tunafanya kila kitu, ila vingine vibaya. Mimi walinileta kama mpaka rangi. Shule niliishia kidato cha pili, yaani yenyewe ndiyo iliondoka, mimi nilikuwa bado nipo getini nasubiri kuruhusiwa kuingia bila sare. Kwa hiyo wiki ya kwanza nilipoambiwa pakeni ukuta wa kushoto, nikaushika wa kushoto kwangu mimi niliyekuwa nimewageukia wao, nikaupaka ukuta wa jirani, tena kwa bidii, mpaka jirani akatoka akasimama ananiangalia na kikombe chake cha chai. Nikamsalimia. Meneja aliniita ofisini akaniambia maneno machache: kosa moja tena, khalas, yaani basi, ndege ya kurudi kwenu. Nikaondolewa kwenye rangi, nikawa mtu wa kubebabeba, na kila asubuhi kwenye basi la kampuni nilikuwa naongea sana, maana mtu mwenye hofu akinyamaza hofu yake inasikika.

Kitanda cha chini yangu alikuwa analala Maganga, mchomeleaji, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mwembamba mwenye mikono mirefu. Siku niliyofika aliniuliza nimetoka wapi, nikasema Kisarawe. Akainuka, akavua kandambili zake zilizokatika, akavaa zangu mpya, akasema, "Hizi sasa za baba yako." Nikamjibu, "Vaa tu, mababu zako walifika pwani pekupeku wamejitwisha pembe za ndovu, wakaona chumvi wakailamba wakidhani sukari." Akasema, "Na mababu zako walikuwa wapi? Wamelala. Nyie Wazaramo jua lenyewe linawaamsha mpaka linachoka." Mganda mmoja pale chumbani, Ssali, kijana mpole wa kanisani, akainuka kimyakimya akaenda kuficha kisu cha kukatia vitunguu. Hakujua kwamba sisi ni watani tangu enzi za misafara, kwamba kwetu Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana lazima watukanane, na mtani akichukua kitu chako hutakiwi kununa, na ukinuna wewe ndiye mkosaji. Ssali tulimweleza mara nyingi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, lakini kisu kiliendelea kupotea.

Chakula cha kempu yetu ya wafanyakazi kilikuwa wali na mchuzi wa rangi ya tofali, lakini Ijumaa tulipika ugali wenyewe, Maganga akisonga maana mimi nilikuwa nauacha na mabuje ya unga. Tukila, ukuta wa mbao ulikuwa unatuletea mazungumzo ya chumba cha pili: mtu anambembeleza mkewe, mtu anagombana na fundi anayemjengea nyumba kwao, mtu anamfundisha mtoto hesabu kwa simu na kumkosesha. Maganga alikuwa anasikiliza hesabu, anamsahihisha yule baba kwa sauti ya chini, halafu ananigeukia: "Wewe usijaribu, utauza namba mbili ukacheze ngoma." Nilikuwa nimezoea kulala na tusi lake kama wengine wanavyolala na redio. Sikujua kwamba kuna siku mtu atapona kwa sababu ya hilo.

Ilikuwa miezi ya baridi tulipopelekwa kwenye villa moja ya zamani katikati ya mji. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kiqatari, mjane, anatembea na fimbo, na mwanawe alitaka kujenga majilisi, ukumbi wa kupokea wageni, pale penye maegesho. Mafundi wa majilisi walipoanza kuchimba wakakuta harufu ya dizeli, wakagonga chuma, wakasimama. Chini kulikuwa na tangi. Zamani, umeme wa mtaa ule ukiwa haujatulia, yule mzee alikuwa na jenereta na jiko kubwa la kuchemshia maji, na dizeli yake aliizika pale. Miaka ikapita, jenereta likauzwa, jiko likaoza, vigae vikawekwa juu, tangi likasahaulika na mafuta yake tumboni. Sasa huwezi kujenga juu ya kitu kama kile, likioza linabonyea na nyumba inafuata. Inabidi litobolewe juu, mafuta yanyonywe, mtu ashuke akwangue tope lote, lipanguswe, halafu lijazwe mchanga mpaka juu, lisibaki hata na pengo la kulaza paka.

Msimamizi wa usalama alikuwa Odhiambo, Mjaluo wa Kisumu, mtu wa miwani na sauti nzito. Alikuwa amesoma kazi yake akaiva. Asubuhi ya kwanza alitukusanya akatuonesha mdomo wa tangi, shimo la kutosha mabega tu, akasema hewa ya mle inaua bila kukuaga. Kisha akanigeukia, maana nilikuwa namnong'oneza Maganga.

"Shomari, wewe huwezi nyamaza?"

"Naweza, mkuu, ila sijawahi kujaribu."

Wenzangu wakainama, nikajua ndege yangu ndiyo hii. Odhiambo akaninyooshea kidole kwenye mdomo wa tangi, akasema, "Basi nimekupatia kazi. Kaa hapa kwa mdomo. Usitoke, hata kama ni choo, mpaka nikuletee mtu. Maganga atakuwa chini, wewe unamwongelesha, na yeye anakujibu. Asipojibu, unapiga kelele, tunamvuta na winchi. Na sikiza vizuri: hauingii. Hata akiwa ndugu yako. Ukiingia, nitatoa maiti mbili."

Hivyo ndivyo nilivyopata cheo. Nilivikwa fulana ya rangi ya machungwa, nikakalia ndoo iliyogeuzwa, mbele yangu miguu mitatu ya chuma yenye winchi na kamba iliyokwenda chini mpaka kwenye mikanda ya Maganga. Pembeni kulikuwa na feni kubwa yenye bomba nene, inasukuma hewa ya nje kwenda ndani ya tangi. Odhiambo alikuwa anashusha kipimo cha gesi kabla mtu hajaingia, anakisoma, anakishusha tena, kisha ndiyo anatoa ruhusa. Na mimi naanza. "Mpagazi, umeona mzigo huko?" Sauti ya Maganga inatoka ndani ya barakoa kama ya mtu aliyefungiwa kwenye debe: "Nimeona vyeti vyako vya shule, vimeliwa na kutu." Ananikwangulia tope kwenye ndoo, tunapandisha, namtukana, ananitukana. Yule mzee alikuwa anatoka na kiti chake cha plastiki anakaa karibu na kivuli cha ukuta, anatuletea karak, chai yao ya maziwa, kwenye vikombe vya karatasi, anasikiliza Kiswahili asichokijua na kucheka pale pale panapotakiwa kuchekwa. Siku moja alinieleza kwa Kiarabu cha polepole, cha kumwonea huruma mjinga, kwamba tangi lile alilizika mwaka aliooa, ili mkewe aoge maji ya moto, na baridi ikizidi majirani walikuwa wanakuja na ndoo. Mwanawe akipita anamwambia yalla, baba, ingia ndani. Mzee anasema ndiyo, na anabaki.

Sasa kuna kitu kinaitwa michembe. Ni viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama vipande vya mti, ukivichemsha vinarudi kuwa viazi, vitamu kuliko vilivyokuwa. Mama yake Maganga alimtumia mfuko kwa mtu aliyetoka likizo. Maganga aliuning'iniza kwenye msumari, hakuula, alikuwa anaunusa tu akitoka kazini. Mimi nikaona huu ni mtihani wa utani. Jioni moja yeye akiwa anafua, nikauchemsha mfuko mzima, nikala na Ssali, na Ssali aliomba kabisa kabla ya kula. Maganga aliporudi akaona sufuria. Nikasubiri tusi. Nilikuwa nimeshaandaa na jibu. Akachukua sufuria, akaiosha, akaifunika, akaingia kitandani kulala. Kesho yake kwenye basi aliniambia shikamoo, na tunalingana.

Basi siku hiyo alishuka tangini, na mimi nikakaa kwenye ndoo yangu. Alinijibu mara chache, majibu mafupi. Nikajua bado ana michembe moyoni. Odhiambo alikuwa upande wa pili anazungumza na mtoto wa mzee kuhusu mchanga. Lori la kunyonya mafuta lilikuwa limekuja kuchukua madumu ya mwisho, dereva akalisogeza kwenye kivuli cha ukuta, akaacha injini inanguruma apate kiyoyozi, maana huku hata miezi ya baridi jua la mchana linachoma. Niliona, sikufikiria kitu. Nikainama, "Mnyamwezi, mbona kimya, umekuta mzinga wa nyuki?"

Sauti ikatoka chini, polepole, "Hapana kaka. Asante kwa kuniuliza."

Nikasema kumbe ananuna sawasawa. Kwetu mtu wa utani akianza kukuita kaka na kukushukuru, ujue amekufunga nje ya mlango. Nikajaribu tena, "Nasema hivi, ile michembe ilikuwa na mchanga, mama yako aliianika barabarani." Mama. Hilo hakuna Mnyamwezi analoliacha lipite, hata akiwa anaswali atakatisha.

"Sawa kaka," akasema. "Mungu akubariki. Nashukuru sana."

Nikainuka kwenye ndoo. Kununa nakujua, kwetu watu wananuna mpaka wanahama mtaa. Lakini mtu anayenuna anasikika kwamba ananuna, sauti inakuwa na ukuta. Hii haikuwa na ukuta. Ilikuwa sauti ya mtu anayeaga wageni. Nikamwita Odhiambo. Akaja, akainama, akauliza, "Maganga, uko sawa?" Chini kukajibu, "Niko salama mkuu, asante sana." Odhiambo akaniangalia. "Si amejibu? Tena na asante."

"Ndiyo hiyo asante, mkuu. Amekuwa mpole."

"Lakini nyinyi Watanzania si huongea hivyo? Ni heshima yenu."

"Kwenu nyie ndiyo. Mimi hajawahi kuniheshimu tangu azaliwe. Nimemtukania mama, amenibariki."

Nadhani maisha yangu yote nimeonekana mpuuzi, lakini pale nilionekana mpuuzi kuliko siku zote, mtu mzima anayelia kwamba mwenzake hajamtukana. Na nilijua hesabu yake: kumtoa mtu bila sababu ni kusimamisha kazi, kuanza vipimo upya, mtoto wa mzee anapiga simu kwa meneja, na meneja ana tiketi yangu kwenye droo. Odhiambo hakubishana. Hilo ndilo ninalomkumbuka nalo mpaka leo. Alinitazama machoni mara moja tu, akashika mkono wa winchi, akasema, "Vuta."

Tukavuta. Kamba ikaja nzito, haina msaada wa miguu. Kichwa chake kilitokea kimelala begani, uso mwekundu kwa namna ambayo uso wetu hauwi, na alipofika juu akafumbua macho akatuambia tusijisumbue. Kisha akatapika na kuzimia. Odhiambo alimpa hewa ya mtungi, akapiga simu ya dharura, akashusha kipimo, na kipimo kikapiga mlio mpaka yule mzee akainuka kwenye kiti bila fimbo. Odhiambo akafuata bomba kwa macho, kutoka kwenye tangi mpaka kwenye feni, na kutoka kwenye feni mpaka kwenye lori, ambalo ekzosi yake ilikuwa imeielekea feni kama watu wawili wananong'onezana. Feni ilikuwa imekunywa moshi wote ikamnywesha Maganga. Odhiambo akaenda akazima lile lori kwa mkono wake mwenyewe. Aliporudi akakaa chini, kwenye vigae, akavua miwani. "Nilipima asubuhi," akaniambia. "Lori halikuwa hapo." Baadaye kwenye ripoti aliandika kwamba kosa la kutoangalia feni lilikuwa lake, na meneja akamkata jina kwenye nafasi aliyokuwa akiisubiri. Mimi hakuna aliyenitajia ndege tena.

Hospitali walimlaza, wakampa hewa, akapona. Au ndivyo walivyosema. Alirudi chumbani na mfuko wa dawa, akanikuta nakunja nguo, akasema, "Kaka Shomari, shikamoo." Ssali akafurahi sana, akidhani hatimaye tumeokoka. Asubuhi iliyofuata nikakuta kandambili zangu zimepangwa chini ya kitanda, zimeoshwa. Ijumaa akanipakulia mimi kwanza. Nikamwambia ugali wako leo kama udongo wa kufinyangia vyungu, akasema, "Samahani, kaka, nitajitahidi." Nilienda chooni nikakaa huko nafikiri: moshi umemla ubongo. Nikaenda mpaka hospitali kumuuliza daktari, nikashindwa kueleza dalili. Ningesemaje, mgonjwa ana adabu?

Ilichukua muda kuelewa, na hata leo nikifikiri naona ni kitu kigumu. Ubongo ulikuwa mzima. Ila mtu akikutoa kaburini unamtukanaje? Alikuwa ananibeba kama deni. Akaletewa mfuko mwingine wa michembe, akaufungua mbele yangu, akaniambia, "Karibu kaka, wako wote." Nikatafuna kimoja. Sijawahi kula kitu kisicho na ladha namna ile. Watu wa chumba cha pili walikuwa wanaendelea kugombana vizuri tu, na sisi wawili tumekaa kama mashemeji wapya. Nilikuwa nimempata Maganga nikampoteza kwa kamba ile ile.

Daktari alimkataza kushuka. Tangi lilikuwa limebaki kupanguswa tu kabla ya mchanga, kwa hiyo Odhiambo akatubadilisha. Feni ilihamishiwa upande wa pili wa nyumba, lori likapigwa marufuku kuingia getini, kipimo kikafungwa kifuani kwangu, na Odhiambo akasimama mwenyewe kwenye winchi hatoki. Maganga akavaa ile fulana ya machungwa akakalia ndoo. Nikashuka. Humo ndani ni kama tumbo la ng'ombe la chuma, kila ukipumua unajisikia mara mbili, na ile duara ya mwanga juu ndogo kama sahani. Nikaanza kupangusa na matambara.

"Kaka Shomari, uko salama?"

Sikujibu. Najua ni ujinga, najua kabisa, mtu asiige. Kipimo kilikuwa kimya kifuani, kichwa changu chepesi, hewa ya feni inanipiga shingoni. Nikaendelea kupangusa.

"Kaka? Kaka Shomari, tafadhali nijibu."

Nikaacha kupangusa, nikasimama nimeshika tambara. Juu nikasikia mkono wa winchi unaguswa. Kivuli kikaziba ile sahani ya mwanga, kichwa cha Maganga, na sauti ikashuka inatetemeka, kisha katikati ya safari ikaacha kutetemeka.

"We Mzaramo. We mvivu usiye na haya. Yaani umepewa tangi la watu ulipanguse umelala? Jibu, mjinga mkubwa wewe, au namwaga mchanga sasa hivi, na matanga yako nakuja kula wali na kuondoka na sufuria."

"Mwaga," nikasema. "Kubeba ndiyo kazi mliyozaliwa nayo. Anza na ule wa getini, mpagazi."

Kisha nikamsikia akicheka, kicheko kibaya, cha kukohoa, kinachoishia karibu na kilio, na nyuma yake sauti nzito ya Odhiambo, ambaye mkono wake ulikuwa bado kwenye winchi.

"Amekutusi?"

"Amenitusi, mkuu," nikapiga kelele kutoka chini. "Mimi na msiba wangu."

"Na yeye umemtusi?"

"Nimemtusi."

Nikahisi kamba inalegea. "Basi mko sawa," akasema Odhiambo. "Panguseni haraka, mchanga umefika."